Mbio yetu ya kinga irudi, hata kama woga ungali

Mu sendika yetu ya wachimbaji kuna mabishano tangu mwezi wa kwanza. Wamoja wanasema tarehe 1 Mei ya mwaka huu tufanye tena mbio ya kinga mu barabara ya Rutshuru, sawa vile tulifanya mwaka 2021. Wengine wanasema: vita haijaisha, watu wamekufa, kisanduku kimebaki kitupu, na nyinyi munafikiri juu ya velo? Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa mbio. Tunataka kueleza juu ya nini, na hata yenye inauma hatutaificha.

Kwanza, kwa wenye hawatujue. Sisi ni watu wa mashimo. Wengi wetu tulizaliwa Kiwanja, Rutshuru-centre, Rubare, Rugari. Tulitumika Masisi kwenye koltani, Walikale kwenye kasiterite, na wamoja Lueshe, hapa kwetu Rutshuru, kwenye lile jiwe la pirokloro lenye linatoaka niobiamu. Miaka yetu ni arobaini na kitu. Magoti yameanza kulia tukipanda ngazi. Hakuna hata mmoja wetu mwenye amekwisha kuvaa ile kaptula ya kubana yenye tunaonaka ku televizyo. Kinga zetu ni Phoenix za chuma, hazina vitesi, zinabebaka mihogo, makala na watoto wa masomo. Kwa hiyo, mtu asifikiri tunatetea mchezo wa watu wenye kushiba.

Woga wa mwaka 2021 ulikuwa na majina

Barabara ya RN2, toka Goma mpaka Rutshuru, ni kilometa karibu 70. Mwenye anaijua hatamulize mtu mwingine woga ni nini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa siku moja: walinzi 12 wa mbuga ya Virunga, dereva wao mmoja, na raia 4. Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Kama balozi mwenye gari la chakula cha Umoja wa Mataifa hapiti, mchimbaji mwenye kinga atapita namna gani? Hivyo njo watu walikuwa wanasema, na hawakuwa wajinga.

Woga huo haukubaki mu barabara. Uliingia mu sendika. Mikutano ilianza kukosa watu. Mtu anasema mtoto ana malaria, mwingine anasema mvua, na mvua hatuione. Kwa shimo pia, kama mwenye depo alikata bei, watu walikuwa wanaangalia chini. Tulikuwa tumezoea kunyamaza kwa barabara, tukanyamaza na kwa kazi.

Mwezi wa nne mwaka 2021 tulikuwa na mkutano wa watu kumi na mmoja. Swali lilikuwa: nani ataenda Goma kwa sikukuu ya kazi? Pesa ya gari haikuwepo, na hata ingekuwepo, kila mtu alikuwa anaangalia mwenzake. Mzee mmoja, wa kwanza kati yetu kuingia shimo, alisema: "Tuende na kinga." Tulicheka. Akasema tena: "Tuende bote siku moja, saa moja. Na mwenye atafika wa kwanza tumupe mbuzi." Hapo tukaacha kucheka, juu mbuzi ni mbuzi. Mbio yetu ilizaliwa hivyo, bila shirika, bila projet, bila fulana yenye jina la mfadhili.

Toka Kiwanja mpaka Kanyaruchinya

Asubui ya tarehe 1 Mei, saa kumi na mbili, tulikuwa watu 31 pa rond-point ya Kiwanja. Kati yetu kulikuwa mama mmoja, kati ya wamama wenye wanatwangaka mawe kwa mashimo. Wanaume wamoja walimwambia arudi nyumbani, mwanamuke hapandake kinga mbele ya watu. Alijibu: "Mawe yenu ninatwanga. Barabara ni ya baba yenu?" Hakuna mwenye alijibu.

Toka Kiwanja na Rutshuru-centre mwanzo ni mwepesi. Kuna migomba, kuna watoto wenye wanakimbia pembeni wakipiga kelele, na kila mtu anajiona ni bingwa. Kalengera, Rubare, tulipita tukiimba. Nyuma ya pale nyumba zinakuwa chache, msitu unakaribia, na wimbo unaisha wenyewe. Hakuna mwenye alisema tunyamaze. Tulinyamaza tu.

Mbele ya kufika Rumangabo, kitu kilipiga: pah! Wote tulianguka chini. Wamoja walitupa kinga mu mtaro. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye ametoka ndani ya shimo lenye lilianguka na akarudi kuchimbua wengine, alilala juu ya mawe akishika kichwa, akitetemeka kama mtoto. Kumbe ilikuwa pine ya lori la Fuso, lenye lilikuwa limepakia maharagi. Dereva alishuka, akatuona tumelala, akaanza kutuomba msamaha.

Hapo watu 8 walirudi. Tunataka msomaji asikilize vizuri: hatukuwacheka, na leo hatuwacheke. Mmoja wao alikuwa amezika kaka yake mwaka uliopita mu barabara ileile. Mtu wa namna ile akirudi, hana deni kwa mtu.

Tukabaki 23, tumesimama na kinga mkononi. Miguu ilikataa. Mzee wetu hakufanya hotuba. Pembeni ya barabara kuna nguzo za umeme, zile za laini yenye inatoka Matebe. Akaonyesha nguzo ya karibu: "Tuende mpaka ku ile poto. Tukifika, tutaona." Tukaenda mpaka pale. Tulipofika, akaonyesha ingine. Hivyo njo tulipita Rumangabo, poto kwa poto. Woga haukutoka. Ulikuwa umekaa nyuma ku portebagaji, unasafiri na sisi. Lakini mtu mwenye anahesabu nguzo hana nafasi ya kuhesabu maiti.

Wachimbaji wanaijua hesabu hii. Ndani ya shimo hatuulizake liko na urefu gani. Tunashika ngazi moja, tunatafuta na mguu ngazi ingine.

Toka Rugari mpaka Kibumba barabara inapanda na haitaki kuisha. Mahali kaburimbo, mahali mashimo. Kinga bila vitesi inakuwa mzito kama punda amekataa. Hapo mwili ulichukua kazi ya woga: mapaja yanakaza, pumzi inakuwa moto, mate yanaisha. Shene ya mwenzetu mmoja ilikatika. Watatu wengine walishikwa na misuli wakashindwa hata kusimama. Wote wanne walipandishwa ndani ya lori. Kila mmoja wetu alikuwa anatafuta sababu ya heshima ya kuacha. Tunasema kweli: kama kinga ingevunjika, tungefurahi.

Pale tulikutana na vijana wawili wenye chukudu. Walikuwa wanasukuma magunia ya makala kupanda mlima, miguu wazi, wakitoka jasho kama mvua. Tulikuwa tumekaa pembeni tunalalamika. Mmoja akatuangalia, akauliza: "Munalia, na hamubebe hata kilo moja?" Wakaendelea. Tulisimama bila kuambiana kitu. Wageni wakija Goma wanapiga picha ya ile sanamu ya chukudu ya rangi ya zahabu pa rond-point. Sisi tumeona mwenyewe wa sanamu akipanda Kibumba, na hakuwa wa zahabu.

Pa Trois Antennes

Nyuma ya Kibumba kuna fasi watu wanaita Trois Antennes. Kila mtu wa barabara ile anaijua. Ni upande ule balozi alishambuliwa, na miezi ilikuwa haijafika mitatu. Pale kitu kilifanyika chenye hatukupanga.

Wenye walikuwa mbele, wenye walikuwa karibu kula mbuzi, walisimama. Hakuna mwenye alitaka kupita wa kwanza. Wa nyuma wakafika, wakasimama pia. Tukangojea mpaka wa mwisho, yule mama, akafika akisukuma kinga. Tulikuwa 19. Tukapanda, tukapita pamoja, bega kwa bega, polepole, barabara nzima imejaa. Magari nyuma yetu yalipiga honi, hatukutoka. Karibu kilometa mbili hakukuwa mbio. Hakukuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Tulipoanza kuona Goma chini, na ziwa, mtu mmoja akapiga pedale kwa nguvu, na mbio ikaanza tena, matusi na kicheko. Tukashuka Kibati kama mawe. Mama hakuwa na freni ya mbele, akashuka akipanda na kushuka kinga, akitumia kiatu pa nafasi ya freni. Sisi wengine tulimaliza Kanyaruchinya, tukakaa chini ya mti tukimungoja dakika 50. Alipofika, kiatu kimoja kilikuwa hakina chini. Watu wa Kanyaruchinya walipiga makofi kushinda vile walipigia wa kwanza. Wa kwanza hakukasirika. Alikuwa anashika kamba ya mbuzi wake.

Yenye ilifuata

Wiki tatu nyuma yake, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka, moto wa mlima ukakata RN2 kaskazini ya Goma. Fasi yenye tulishuka tukicheka ikawa jiwe jeusi lenye linatoa moshi. Lakini tuache mlima kwanza, tueleze mizani.

Kwa shimo moja lenye tulikuwa tunatumika, depo ilikuwa na mizani yenye kila mtu alijua inaiba. Hatutaji jina la depo wala la mwenyewe. Kila mtu alikuwa analalamika usiku, na asubui anapima na kusema asante. Mwezi wa saba mwaka ule, wenzetu sita, wote wenye walipita Trois Antennes siku ile, walinunua mfuko wa simenti ya kilo 50, haujafunguliwa, wakaubeba kwa mgongo mpaka depo. Wakauweka juu ya mizani mbele ya watu. Mizani ikasema 44.

Hatudanganye kwamba mambo yalikuwa mazuri. Mwenye depo alicheka kwanza, nyuma akakasirika, nyuma akaita watu wake. Wawili kati ya sita walifukuzwa shimoni na mpaka leo hawajarudi. Lakini hakuna mtu alienda pale peke yake, na hakuna mwenye alikimbia akaacha wengine mbele ya mizani. Nyuma ya mwezi mmoja mizani ilibadilishwa. Tuliwauliza: mulipata wapi nguvu? Mmoja akasema: "Tulifanya kama pa Antennes." Hakueleza zaidi, na kati yetu hakukuwa haja.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mtumikaji ruhusa ya kuingia sendika. Sheria ya mines, yenye ilibadilishwa mwaka 2018, inatuambia wachimbaji wa mkono tuingie mu kooperative na tuwe na karte. Ni mazuri, na tunayasoma kwa mikutano. Lakini karatasi haisimame mbele ya mizani. Mtu njo anasimama. Na mtu hajifunzake kusimama siku ya mizani. Anajifunza mbele, kwa kitu kidogo, pahali akianguka atainuka.

Kanyaruchinya mara ya pili

Nyuma yake vita ilirudi. Tarehe 29 Oktoba 2022, Kiwanja na Rutshuru-centre zilichukuliwa na M23. Barabara tuliyoipita kwa kushindana, tukaipita tena kwa kukimbia. Safari hii hakuna mwenye alipanda kinga. Kinga zilibeba matelasi, sufuria, wazee wenye hawawezi kutembea. Wamoja wetu walipita Bunagana wakaingia Uganda. Wengi tulifika Kanyaruchinya, palepale pa kumalizia mbio, tukajenga vibanda vya shitingi juu ya mawe ya volkano. Mti wenye tulikalia tukimungoja mama, mwaka 2023 haukuwepo tena. Ulikuwa umepikia watu.

Tulikaa pale zaidi ya miaka miwili. Tulizika watoto wa kolera. Tulizika yule mzee wa poto. Mu Januari 2025 Goma ikachukuliwa, mwezi wenye ulifuata kambi zikaondolewa, na wengi tukarudi Rutshuru tukikuta nyumba bila mabati na mashamba ya watu wengine. Kati ya wale 19 wenye walimaliza mbio, leo tunajua fasi ya 12.

Sasa munaelewa juu ya nini kuna mabishano. Hatubishane juu ya mchezo. Tunabishana kama watu wenye wameonyeshwa yote haya wana haki ya kushindania mbuzi.

Tuwajibu wenzetu

Wenzetu wa kwanza wanasema: kotizasyo ni ya wajane. Ni kweli, na tunakubali mbele ya wote. Hata franga moja ya wajane isiguswe. Mu 2021 mbuzi alinunuliwa na michango ya wakimbiaji wenyewe, na mwaka huu itakuwa vile. Mwenye hana cha kutoa atatoa kazi: kuziba pine, kuchota maji, kupika.

Wa pili wanasema: usalama. Hapa hatuna jibu la kujivuna. Mwaka 2021 tulifanya kitu cha hatari na tulirudi wazima kwa neema ya Mungu, si kwa akili yetu. Mtu mwenye anaita ujasiri kila hatari hajazika watu wengi. Kwa hiyo hatuombe njia ileile. Tunaomba njia fupi: toka Kiwanja, Rutshuru-centre, Kalengera, Rubare, na kurudi. Tunaomba wenye bunduki wote, wa kila upande, wajue siku na saa mbele, na watuachie barabara asubui moja. Kama wiki ile kuna mapigano, tunaahirisha, na kuahirisha si kuacha. Sendika yenye haijue tofauti ya kuahirisha na kuacha haitadumu.

Wa tatu wanasema velo ni mambo ya wazungu. Ndugu zetu, Biniam Girmay, mtoto wa Asmara kule Eritrea, mwaka 2024 alishinda mara tatu mu Tour de France na akarudi na maillot ya kijani. Na mwezi wa tisa mwaka jana, kombe la dunia la velo lilikuja Afrika mara ya kwanza, Kigali, siku hizi si mbali na sisi kwa kilometa, ni mbali kwa mengine yote. Wengi kwetu walikataa hata kuangalia, juu ya damu yenye imemwagika huku, na tunawaelewa. Hatuingie mu siasa ile hapa. Tunachukua hesabu moja tu. Siku ya mwisho, wanaume 165 walianza kilometa 267 na nusu za milima. Wenye walimaliza ni 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa wa kwanza, na picha zote zilikuwa zake. Wale 135 wenye waliacha si watu wa bure. Ni watu wenye wanalipwa kwa kupanda kinga, wana daktari, wana gari nyuma na chakula, na mlima uliwashinda. Basi sisi wa Phoenix tusione haya kushuka na kusukuma.

Kuna tena wa nne, wenye hawasemake mu mkutano lakini tunawasikia. Wanasema: tungoje kwanza woga uishe. Hao njo wenye tunaandikia zaidi. Wandugu, tumeishi miaka arobaini, na tangu kambi za 1994 za Kibumba na Katale, tukiwa watoto, mpaka leo, hatujaona asubui yenye woga ulisema: sasa ninatoka, fanyeni kazi yenu. Kama tungengoja, hakuna mtu angelima, hakuna mtu angeoa, na mizani ile ingekuwa bado inasema 44. Kungoja woga uishe ni kumupa mwenye depo kazi ya kutupangia kalenda.

Yenye tunapendekeza

Tunaweka mapendekezo matano mbele ya mkutano wa mwezi ujao, na tunaomba yajadiliwe moja moja.

Kwanza, mbio ifanyike 1 Mei kwa njia fupi, na asiyekuwa na kinga akopeshwe.

Pili, wamama waandikwe bila kuomba ruhusa kwa mtu. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa mu 2021 na mtu mwenye alimaliza na kiatu kimoja.

Tatu, pahali penye mashaka mbio isimame, wote wangojane, wapite pamoja, nyuma yake waendelee kushindana. Mwenye atapita peke yake pale ili apate mbuzi, asipewe hata mkia.

Ine, mwenye atarudia njiani jina lake lisomwe pamoja na ya wengine jioni. Alikuja. Asubui ile, wengi hawakutoka kitandani.

Tano, wa kwanza na wa mwisho wapate zawadi ya bei moja. Wamoja wanasema hiyo itaharibu mashindano. Haitaharibu. Wa kwanza hapigani na wengine muda mrefu. Saa ingine mbio yake inaisha mapema, juu mwili wake ni mzuri. Wa mwisho amebaki peke yake mu barabara, hamuone mtu mbele, hamuone mtu nyuma, na hakuna mwenye angemulaumu kama angeacha. Sisi watu wa mashimo tunajua kazi ile ni ya bei gani.

Wenye wanataka kupinga, waje mkutanoni wapinge, tutasikiliza. Wanaweza kutushinda kwa kura, na wakitushinda tutatii. Lakini waje. Mu 2021 tulianza tukiwa kumi na mmoja.

Yule mama naye amerudi Rutshuru, anauza unga wa muhogo Kiwanja. Tulipita kwake Jumapili kumuliza anafikiri nini juu ya mabishano yetu. Hakutoa maoni. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha kinga. Ni ileile, imebeba matelasi kwenda na kurudi, kadre imechomelewa mara mbili. Ameweka freni ya mbele.